Kofia ya Mtani na Kura ya Mwenyekiti

Halmashauri ya kijiji chetu, nyuma ya Mikindani, iligawanyika nusu kwa nusu: wajumbe wa mlimani huku, sisi wa bondeni kule. Mwenyekiti ni wa mlimani. Yeye hapigi kura, isipokuwa zikilingana. Na zililingana kila mara, kwa hiyo mlimani wakatutawala kana kwamba ndio wengi. Hakuna aliyethubutu kutoka nje. Ukienda chooni tu, umewakabidhi wa upande wa pili nchi. Chai ikiletwa, tuliitazama ikipoa.

Siku ya kuamua bomba la maji liwekwe wapi, roho yangu ilikuwa mkononi. Mama yangu, naye mjumbe, magoti yamemchakaa, na kila asubuhi alipanda na ndoo mpaka kisima cha mlimani. Nilisimama nikayaeleza magoti yale kwa uchungu mpaka baadhi ya watu wa mlimani wakainamisha vichwa. Lakini huruma si kura, basi tulikuwa na mpango pia.

Mjumbe mmoja wa mlimani ni mtani wetu. Koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. Mwenyekiti aliposema tu tupige kura, mama akamnyakua mtani wake kofia, akatoka mbio.

"Ifuate, mtani! Leo inalala kwangu!"

Mtani akamfuata huku akicheka. Tukanyoosha mikono harakaharaka. Mwenyekiti akahesabu, akarudia. Sawa kwa sawa. Tulisahau kwamba mama naye ni kura.

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Alitazama dirishani, nasi tukatazama. Mama alikuwa anaruka mtaro, kanga kaikunja, anapotelea kwenye mikorosho, mtani nyuma anahema.

"Ndugu wajumbe," akasema, "magoti yenyewe ndiyo yale?"

Bomba likaenda mlimani.

Mama alirudi kofia imemkaa upande. "Tumeshinda, mwanangu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake magoti yalivimba kweli, nami nililia kwa hasira. Nikachukua ndoo mwenyewe. Kule juu nikamkuta mtani, kichwa wazi, anaidai kofia yake.

"Ifuate bondeni, mtani," nikamwambia. "Lakini mikono mitupu hupokelewi."

Akaja na ndoo imejaa. Sasa bomba la mlimani linatoa maji, na mtani anakuja nayo kila asubuhi. Mama anapokea maji, anashukuru sana, na kofia hatoi.