Jina Tulilolifungia Miba

Mwanangu, siku niliyoipa timu ya mpira jina la mahali pasipo na watu naikumbuka vizuri mno, na kila nikiikumbuka natamani ningekuwa nimelala. Kulala nilikuwa nakuweza. Katika rika langu hakuna aliyependa nyumbani kunishinda, labda ng'ombe mwenye ndama. Safari yangu ndefu maishani ilikuwa kwenda Musoma kusoma sekondari, na hata huko moyo ulikuwa umebaki kwenye chungu cha mama. Basi mtu wa namna hiyo, mtu wa uani, ndiye aliyekwenda kuwaamsha wasioamshwa.

Nakueleza haya kwa sababu juzi mlikuja hapa kwangu Kigera, wewe na wenzako, mkabishana mpaka chai ikapoa. Timu yenu iitwe Kitaji, jina la mtaa, au iitwe Musoma, au ibebe mgongoni mkoa mzima wa Mara. Mkaniuliza mimi. Nikacheka, nikasema nitajibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo kaa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu wa milima mitatu, ng'ambo ya Nyamuswa, tulishushwa na malori tukapangwa kwa mistari mbugani. Mlango wa mtu wa mlima huu ukatazamana na mlango wa mtu wa mlima ule, ambaye hadi jana alikuwa akimshuku kwa mambo ya ng'ombe. Maofisa wakakipa kijiji jina: Tuelewane. Sisi tuliojiita wasomi tulilicheka. Tulisema hilo ni jina la mkutano, si la mahali. Mlima wetu uliitwa Nyamakere, nao ulionekana wazi kutoka kijijini, mtupu, una rangi ya majivu.

Siku ya kuhama mimi sikuwapo. Nilikuwa Musoma na mtihani wa kidato cha nne. Niliporudi nikauliza jiko liko wapi. Sikuuliza mlima uliagwa vipi, na hilo ndilo swali lililokuwa na maana.

Timu ilipoundwa ili ishindane na vijiji vingine vya Bunda, nilifanywa katibu, maana miguu yangu haikufaa kwa kazi nyingine. Kwenye mkutano wa jina nikasimama kwa mbwembwe zote za sekondari.

"Mkataa kwao ni mtumwa," nikasema. "Timu isiyo na kwao ni kama ng'ombe asiye na alama. Iitwe Nyamakere."

Beki wetu, Kitang'ita, alikuwa mtu wa mlima mwingine. Akanitazama kama anayepima unene wa kuni.

"Nyamakere ni kwenu. Mimi nikifunga goli, nitakuwa nimewafungia akina nani?"

"Umekifungia kijiji."

"Basi taja kijiji."

"Tuelewane? Kaka, wapinzani watatuuliza kama tumeshaelewana au bado."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikanipa ushindi. Tena watu wa mlima wetu ndio tuliokuwa wengi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana unapita penye miba bila kuchomwa. Mwili ndio unaokuja kuchomwa baadaye.

Aliyenifuata hadi nyumbani ni mtu mmoja tu, mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Mwanawe Magesa ndiye alikuwa golikipa wetu, kijana mpole, mrefu, mikono kama makafi. Mama mdogo alikuja na kapu lake la pamba, akakaa mlangoni akiichambua huku akisema bila kunitazama.

"Wewe, hilo jina tulilifungia miba."

"Miba gani tena, mama mdogo?"

"Siku tunahama. Wazee waliziba mlango wa zizi kwa miba, wakasema jina libaki huku na waliolala huku, lisitufuate mbugani. Tangu siku hiyo hatuliitaga kwa sauti. Tukitaka kupataja, tunasema 'kule'."

Kweli nilikuwa nimewasikia wakubwa wote wakisema "kule", nikadhani ni uvivu wa midomo.

"Lakini mama mdogo, huu ni mpira tu."

"Ukiita jina, mwenyewe ataitika. Hatauliza kama ni mpira."

Nikamcheka kwa adabu, namna tunavyowacheka wakubwa: kwa kukohoa.

Mchezo wa kwanza tulicheza nyumbani, alasiri, jua kali, hakuna upepo hata wa kutikisa nyasi. Goli moja liliupa mlima mgongo, na Magesa alisimama pale. Watu wetu wakaanza: "Nyamakere! Nyamakere!" Upande wa pili wa uwanja watu wa milima mingine walikaa wameweka mikono magotini. Hawakuwa na hasira. Ni vile tu jina halikuwa lao, na mtu hawezi kuita kwao kwa mwenzake akajaza kinywa. Kwa hiyo kila baada ya kelele zetu kulibaki kimya kipana, kama shamba lililoachwa.

Katika kimya hicho, nyuma ya goli, kutoka mlimani, ikaja sauti: "Tupo."

Mwanangu, mimi mwangwi nilifundishwa darasani, naujua. Mwangwi hukurudishia ulichokituma. Sisi tulituma "Nyamakere". Kilichorudi hakikuwa Nyamakere.

Walioshangilia hawakusikia, masikio yao yalijaa sauti zao wenyewe. Walisikia wale waliokaa kimya, maana niliona vichwa vyao vikigeuka vyote pamoja. Nilisikia mimi, kwa kuwa sikuwa nashangilia. Nilikuwa natafuna hindi la kuchoma. Na alisikia Magesa. Aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na baba yake, na mpira ukampita.

"Kipa! Unamwangalia nani huko?" wapinzani wakapiga kelele. "Uji umechelewa?"

Uwanja ukacheka. Mimi nililimeza hindi lile bila kulitafuna.

Mchezo uliofuata Magesa alianza kugeuka hata kabla hatujaita. Nyumbani akaacha kula. Mama yake akimwita, anaitika akiwa ametazama mlimani. Nilipaswa kusimama na kusema jambo. Lakini mchezo ule tulishinda, na ushindi ni pombe. Nikasema kijana ana uchovu.

Kisha ikaja alasiri nyingine, jua lile lile. Watu wetu wakaita mara moja tu. Kimya kikafuata, na safari hii sikusikia kitu. Magesa alisikia. Alivua kofia yake, akaitundika juu ya mwamba wa goli, akaanza kutembea kuelekea mlimani. Hakukimbia. Alikwenda kwa heshima, kama mtu aliyetumwa na wakubwa. Mpira ukaingia kwenye goli tupu, na mwanangu, hakuna aliyeshangilia, hata wale waliofunga.

Mama mdogo alikuwa ameshainuka. Nikamfuata, mimi na viatu vyangu vya sekondari, tukipanda katikati ya mawe yaliyowaka kwa joto. Njia nzima hatukusikia ndege. Tulimkuta Magesa kwenye mlango wa zizi letu la zamani, amepiga magoti, anang'oa miba kwa mikono mitupu. Damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye viwiko. Zizi lilikuwa tupu tangu tulipohama, lakini lilinuka maziwa mabichi. Na ndani yake nyasi zote zilikuwa zimelala zikielekea mlangoni, kama zimekanyagwa na wengi waliosimama pale wakisubiri.

"Magesa," nikaita.

Hakugeuka. "Wanasema wameitwa," akasema. "Wanauliza kwa nini njia imefungwa."

Nilimtazama mama mdogo. Alitaka kumkumbatia mwanawe, akainyoosha mikono, lakini hakumgusa. Alinigeukia mimi.

"Wewe uliyeita, jibu."

"Nijibu nini?"

"Mkutanoni ulikuwa na maneno mengi. Jibu, kabla hajamaliza hiyo miba."

Kiswahili changu kizuri chote kilinikimbia. Nikapiga magoti karibu na Magesa nikasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kifaranga: "Tuliwaita kwa mchezo. Hatuna mahali pa kuwapokea. Mbugani tumepangwa kwa mistari, nyumba zimejaa, na majirani hawawajui. Tusameheni. Lalani."

Nyasi zile zikaanza kuinuka kidogo kidogo, bila upepo, kuanzia mlangoni kwenda ndani. Harufu ya maziwa ikaisha. Magesa akaacha kuvuta. Akaitazama mikono yake, akanitazama na mimi.

"Mechi imeishaje?"

"Tumefungwa."

"Golini alikuwa nani?"

Tulirudisha miba wote watatu, na mimi niliishika bila kuchagua pa kushika. Ndipo mama mdogo, sasa mikono yake ikiwa begani kwa mwanawe, aliniambia maneno ambayo sijapata kuyaweka chini.

"Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Umekwenda kuita mahali tusipoishi tena, ukawanyamazisha wale tunaoishi nao. Wangeita wote pamoja, nani angepata nafasi ya kusikia anaitikiwa?"

Mkutano uliofuata nilisimama tena, bila mbwembwe, vidole vimevimba kama maembe. Nikaomba timu iitwe Tuelewane.

"Katibu," Kitang'ita akasema, "kwa hiyo sasa tumeelewana?"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na safari hii niliwaachia wacheke. Mchezo uliofuata, uwanja wote uliita. Watu wa milima yote mitatu walifungua vinywa, wazee, akina mama, hata yule bwana aliyekuwa hasemi na jirani yake tangu malori yalipotushusha. Hapakuwa na kimya ambacho hata panzi angeweza kupenya. Magesa hakugeuka nyuma. Baadaye kule Bunda tulifungwa, lakini kihalali, golikipa akiwa golini.

Magesa yupo hadi leo, mzee kama mimi. Ila ukimwita mara moja haitiki. Anangoja umwite tena, na akiwa na wewe barabarani atakuuliza kwanza kama na wewe umesikia.

Sasa nasaha yenu. Sikatai timu kuitwa kwa jina la mji au la mkoa. Mtu lazima awe na kwao, na kuliita jina la kwenu kwa kinywa kizima ni raha ambayo haina mfano. Lakini msilichague kwa sababu ni la zamani au lina sifa. Nendeni uwanjani mliite, halafu mtazame nani amenyamaza. Mkisema Kitaji, je, huyo winga wenu anayelala Kigera atashangilia au atasonya? Mkisema Musoma, je, kijana aliyekuja kutoka Bunda na mfuko mmoja wa nguo atajiona yumo? Mkisema Mara, je, mko tayari kumpokea kila mtu wa Mara, hata yule ambaye babu zenu waligombana na babu zake? Jina la mahali ni la wanaoishi hapo leo, pamoja na yule aliyefika jana. Penye mtu mmoja asiyeweza kuliita, hapo ndipo pana ufa, na kwenye ufa huingia kitu. Kama hamjapata jina ambalo wote mnalimudu, vumilieni lile baya mlilonalo. Jina baya la pamoja hulainika mdomoni kadiri mnavyolitumia, kama kamba mpya.

Mungu awape miguu myepesi na mioyo mipana. Majina mtakayoyaita yawe na watu ndani yake, na mkiitikiwa, muitikiwe na walio hai.

Maneno haya, baada ya kuyaandika, nilimsomea kwanza jirani yangu, Mzee Masatu, leo asubuhi, akiwa amekaa upande wake wa ua anapaa magamba ya sato. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa kisu, akasema: "Nasaha ni nzuri, mzee. Lakini siku hiyo mnarudisha miba, nani alihakikisha wote wako ndani?"