Mama Sawasawa aliyegawa maji hadi bustani ikakauka

Saa kumi na mbili asubuhi. Jua halijapanda juu ya mapaa, lakini udongo wa bustani hizi za kukodi bado una joto la jana. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani na viatu vya mpira anainama kwenye bomba la getini, anajaza keni yake ya bati, anainyanyua kwa mikono miwili na kuanza safari ya kwenda kwenye vitalu vya nyuma kabisa. Maji yanaruka, yanamlowesha miguu. Kila yanapomwagika anasonya.

"Ona, haya yangenywesha nyanya mbili," anasema. "Yamenywewa na vumbi."

Hapa wanamwita Mama Sawasawa. Jina hilo alipewa na wanawe walipokuwa wadogo, kwa sababu alikuwa akikata nyama kwa kisu kidogo mpaka vipande vitoshane, na bado mmoja ananuna. Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake, na jina limebaki.

Kazi yake ni kuwatunzia watu bustani. Wenye vitalu ni watu wa ofisini wanaokuja siku za mapumziko kuchuma na kupiga picha. Kupalilia, kufukuza wadudu na kumwagilia ni juu yake. Zamani kumwagilia kulikuwa raha tupu: unachomeka mpira kwenye bomba, unabana mdomo wake kwa kidole, unaimba zako huku maji yakifanya kazi.

Kisha mvua zikagoma. Mabwawa yakashuka, na mamlaka ya maji ikapiga marufuku kumwagilia kwa mpira. Keni na ndoo ruksa, lakini bomba la getini linafunguliwa kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi, na foleni ipo. Ukikamatwa na mpira unapigwa faini na kitalu unanyang'anywa.

"Wangu nimeukunja uko kando ya kitanda," anasema. "Kila nikiamka naukanyaga, na siku yangu inaharibika hapo hapo."

Alikuwa akitunza vitalu kumi na vinne. Amebaki na kimoja tu cha kulipwa, cha nesi mmoja wa hospitali ya jirani, na kipande chake mwenyewe kando ya uzio. Vingine vimekauka, wenyewe wamevirudisha. Na kinachomtafuna ni kwamba anaamini aliviua yeye, tena kwa huruma.

Marufuku ilipoanza, jirani yake wa bustani, mzee anayeitwa Kauzu kwa uso wake usiojua kucheka, alimwonya mapema. Mwenyewe aliacha nusu nzima ya kitalu chake ife, na maji yote akayapeleka kwenye nusu iliyobaki, kila shina likanywa mpaka chini.

"Shemeji, chagua," alimwambia. "Utakayempa, mshibishe. Usiyemweza, muache."

"Wee, ishia hapo hapo!" alimjibu. "Una roho ngumu wewe. Niupite mche wenye kiu, na maji ninayo mkononi?"

Akafanya anavyojua. Kila mche ukapata kidogo chake, kila asubuhi, bila upendeleo. Wiki za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Vitalu vyake vyote kijani, cha Kauzu nusu yake upara, naye akamtania mzee wa watu mpaka basi.

Kumbe maji yale yalilowesha udongo wa juu tu. Mizizi ikaacha kushuka, ikapanda kufuata unyevu, na jua lilipokolea likaikuta hapo hapo juu.

Anauvuta mnyanya mmoja mbele ya mwandishi. Unatoka bila ubishi. Mizizi imetandaa yote pembeni, hakuna hata mmoja ulioenda chini.

"Niliwazoesha vibaya," anasema. "Nimewaua mwenyewe, jamani, kwa mkono wangu huu." Analia, wala hajifichi.

Nesi anafika akitoka zamu, sare bado mwilini. Anakiangalia kitalu chake kwa muda.

"Pole na kazi, mama."

"Nishapoa, mwanangu. Karibu uone balaa."

"Sikulaumu, mama. Lakini mwisho wa mwezi hali ikiwa hii hii, nakirudisha. Nalipia vumbi."

"Nipe mpaka huo mwisho wa mwezi. Nusu yake nitaiokoa."

"Hata robo, mama. Nione tu kitu kinaishi."

Ujira wa kitalu hicho ndio kodi ya chumba anachoishi na mumewe. Kikienda, hawana pa kulala. Lakini maji anayoweza kubeba kwa saa moja yanatosha sehemu moja tu: nusu ya kitalu cha nesi, au mstari wa mabiringanya kwenye kipande chake.

Mabiringanya hayo yalipandwa na mumewe, aliyekuwa dereva wa lori kabla mgongo haujamgomea. Aliyapanda akiwa amekaa chini, akijisogeza shimo kwa shimo. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya mwaka huu. Yangali hai, kwa shida. Kila asubuhi anakuja kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anayatazama.

"Baba watoto," mkewe anamwambia, "maji hayatoshi huku na huku."

"Nimesikia. Mgongo ndio mbovu, masikio mazima."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda kwa nesi. Haya yangu yaache. Kwanza mabiringanya yenyewe hata siyapendi."

Anacheka peke yake.

Mama Sawasawa ana mpango. Mvua zikirudi, atapanda upya, na mstari wa mumewe utakuwa wa kwanza. "Kama zitarudi," anasema. "Kusema ukweli, mimi sioni dalili. Maisha yangu yote nimegawa sawasawa. Leo ndiyo mara ya kwanza namnyima mtu, na niliyemnyima ni huyu."

Mlinzi wa bomba anapiga kelele kwamba anafunga. Mama Sawasawa anajaza keni ya mwisho. Njia ya kwenda kwa nesi inapita kando ya mabiringanya.

Mumewe anainuka kwa taabu, anageukia barabarani, anaivuta ndoo yake na kukaa tena, akiyapa mabiringanya mgongo. Mkewe anapita nyuma yake polepole, keni ameikumbatia kifuani. Safari hii hata tone moja halimwagiki.