Mashine Iliyongoja Injini

Enzi zetu kungoja ilikuwa kazi, na tuliifanya vizuri. Ulingoja dumu lijae kwenye bomba linalodondosha kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ulingoja zamu yako ya kuingia kati kwenye mchezo wa rede mpaka mama anakuita ukaoge. Ulingoja Idi uvae viatu ambavyo vilikwisha kununuliwa, viko juu ya kabati, na wewe kazi yako ni kupanda kwenye kiti ukavinuse. Mtoto wa leo video ikichelewa kidogo kufunguka anatupa simu kitandani na kusema nchi hii haitaendelea.

Wenzangu mliokulia Ngara mjini mtakumbuka baridi ya asubuhi pale kilimani. Ukungu umelala sokoni, sisi tunakwenda shule na fagio mkono huu na kuni mkono ule, magoti yamepauka hata mafuta ya mgando hayasaidii. Kwetu tulikuwa Waswahili wa dukani. Babu mzaa baba alipanda kutoka pwani na bidhaa zake, akaupenda mji, hakurudi tena. Bibi aliongea Kihangaza na wateja na Kiswahili cha kwao na sisi, na ukimwamkia huku unatafuna alikuwa haitikii marahaba mpaka umeze. Msimu wa senene alisema hao ni wadudu, yeye hali wadudu. Wakishakaangwa na kitunguu, sahani ya kwanza kuomba ilikuwa yake, eti ya kuonja.

Mdogo wake baba, Ba'mdogo Masudi, alikuwa na kona yake ndani ya duka la Bibi, kati ya magunia ya chumvi na mafungu ya vitambaa. Pale ndipo alipoiweka kompyuta. Mashirika yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi yalipofunga virago, vitu vyao vilipigwa mnada, watu wakagombania mahema na madumu. Ba'mdogo akarudi na kompyuta ya buluu, kioo na mwili kitu kimoja, nzito kama gunia la maharage. Bibi aliizunguka akauliza inapika nini.

Ilipika kadi za harusi. Kabla ya hapo kadi zilipigwa taipu, herufi nyeusi kavu utadhani unaitwa barazani kujibu kesi ya ng'ombe. Ba'mdogo alitia maua, mapete mawili, na majina ya maharusi kwa mwandiko wa mikunjo. Watu walikuja kutoka Nyakisasa hadi Rulenge. Tatizo lilikuwa mwendo. Alianza ua la kwanza baada ya chai ya asubuhi, na adhuhuri ikiadhiniwa ua la pili bado linajichora, petali moja moja, huku jenereta linanguruma uani. Tukikaa nyuma yake kutazama tulikuwa tunabahatisha rangi ya petali inayofuata, na anayekosa anapigwa kofi la mkono. Ulikuwa mchezo wetu kabisa.

Wakati huo alikuwa na mchumba. Zuhura alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitambaa Biharamulo, mwenyewe fundi cherehani, mrefu, mchache wa maneno, na akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Posa ilikwisha kupokelewa, pete na kanga zilikwisha kupelekwa. Ilibaki kutaja mwezi wa ndoa tu. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alitushonea mipira ya vitambaa iliyodunda kuliko ya dukani.

Ndipo jioni moja redio ikatangaza, katika habari za ng'ambo, kwamba kampuni iliyotengeneza kompyuta kama ya Ba'mdogo inaacha prosesa zake za zamani na kuhamia aina nyingine yenye kasi zaidi. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, alitueleza. Alisimama katikati ya duka na kijiko cha sukari mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Lazima niseme tulivyoelewa, msicheke. Ngara magari ya mizigo yanayokwenda Rusumo yanapita kutwa, na gari likichoka injini halitupwi. Bodi inabaki, injini inashushwa, inapandishwa nyingine hata ya kampuni tofauti, gari linaondoka. Fundi Bukuru, Mhangaza aliyekuwa na gereji karibu na stendi, alikuwa na sifa ya kazi hiyo. Ba'mdogo akaenda kumwuliza. Bukuru akaja, akainama nyuma ya kompyuta, akagonga bodi kwa kidole.

"Masudi, bodi bado nzima kabisa hii. Wewe itunze. Injini ikija tunashusha ya zamani, tunapandisha mpya, tunakaza bolti, basi."

Ba'mdogo akaitunza. Aliizima, akaifunika kwa kanga mbili, akaipandisha juu ya kabati, ili isichakae kabla injini haijafika. Kila Ijumaa tulitumwa kuipangusa vumbi. Watu wa Nyakisasa wakija na majina ya maharusi wao aliwaambia mashine inangoja injini, wakaitikia kwa heshima, wakavuka barabara kwenda kwa mpiga taipu.

Na ndoa nayo ikapandishwa kabatini. Ba'mdogo alikuwa na kiburi, kile kiburi kizuri kinachompotezea mtu mambo mazuri. Hakutaka kumwingiza Zuhura katika kona ya duka la mama yake. Injini ikifika atafungua studio yake, yenye kibao chake, ndipo atakwenda Biharamulo kifua mbele. Kwanza ikasemwa ndoa Mfunguo Sita. Ikasogezwa Rajabu. Kisha ikawa baada ya Ramadhani.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Bibi alimwambia kila alipomkuta anasikiliza redio.

"Subira yavuta heri, mama."

"Heri gani? Heri ipo Biharamulo, inashona magauni ya watu."

Idi hiyo Zuhura akaja kwa shangazi yake aliyeishi mtaa wetu, akapita kutusalimia. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kunusa, ndiyo maana naikumbuka siku yenyewe barabara. Akaomba kuiona mashine. Ba'mdogo akaishusha, akafungua kanga.

"Inafanya kazi?" akauliza Zuhura.

"Inafanya. Ila polepole mno, Zuhura. Huwezi kuanza maisha na kitu cha polepole hivi."

"Mimi nilikuambia nina haraka?"

Ba'mdogo akasema subira, kidogo tu, inakuja. Zuhura hakubishana. Alichukua zile kanga, akaifunika kompyuta mwenyewe, akazikunja pembe na kufunga fundo safi la mtu anayejua nguo. Kisha akatugawia mipira yetu na kwenda kuwahi gari. Nilikuwa mdogo lakini niliona kwamba amesema jambo kubwa, na kwamba Ba'mdogo amesikia sauti tu.

Baadaye alikuja mtaalamu kutoka Mwanza kutengeneza kompyuta za ofisini. Ba'mdogo akamwita, akamfunulia, akamwuliza injini mpya zinauzwa wapi. Yule kijana alijitahidi asicheke, Mungu amlipe. Akasema haziuzwi hivyo. Prosesa mpya inakuja na mashine yake mpya kabisa, na hiyo ya buluu ingeweza kufanya kazi siku zote hizo ilizokaa kabatini. Bukuru alipopewa habari alisema basi wenzetu hao hawajui magari.

Mtu mwingine angeoa siku hiyo hiyo. Ba'mdogo aliona aibu, na aibu ikamzidishia ukaidi: sasa alitaka mashine mpya nzima, na ndoa ikasogezwa tena. Wazee wa Biharamulo walikuja siku ya Jumapili. Walikaa mkekani, wakanywa chai, wakasifu maandazi ya Bibi. Mwishoni mmoja wao akasukuma mbele furushi. Pete ilikuwamo, na kanga za posa zimekunjwa hazina hata alama ya kuvaliwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Bibi aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaingia chumbani, na chakula cha mchana siku hiyo tulipika watoto.

Mashine mpya ilifika nikiwa nimeanza sekondari. Ilitoka Dar na ndugu yetu mmoja, imefungwa blanketi, imepakatwa njia nzima kama mgonjwa. Mji ulikuja kuiona. Ilikuwa nyembamba, nyeupe, na ukibonyeza inaamka papo hapo. Redio haikusema uongo.

Kazi ya kwanza kuletewa ilikuwa ya Biharamulo. Baba yake Zuhura alituma salamu kwa kondakta, na karatasi yenye majina mawili: binti yake, na kijana mmoja mwenye duka huko huko kwao. Akaomba radhi, akasema kadi nzuri upande huu wote hajui mtu mwingine wa kumwamini. Baba alitaka kukataa kwa niaba ya mdogo wake. Ba'mdogo akasema kazi ni kazi.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, mahali petu pa zamani pa kubahatisha petali, na kikombe changu cha chai. Akaandika jina la Zuhura kwa ule mwandiko wa mikunjo. Akatia ua la kwanza, likatokea zima. Akatia la pili, likatokea zima. Mapete yakakaa mahali pake. Chai yangu ilikuwa bado inaunguza ulimi.

"Imekwisha?" nikamwuliza.

"Imekwisha," akasema, na mikono yake ikabaki juu ya vibonyezo bila kazi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa asubuhi nzima na jina lile. Niliumia kwa ajili yake, na bado naumia.

Siku hizi kadi ya harusi inakuja kwenye simu, inapiga muziki, unaifuta jioni ili upate nafasi. Rede hatuioni, mpira wa kitambaa hakuna anayejua kuushona, na senene wanauzwa kwenye vikopo vyenye kifuniko. Bibi ametangulia mbele za haki. Ba'mdogo ana mvi, ana studio yenye kibao chake karibu na stendi, na bodaboda wote wanamwamkia. Hakuoa. Alitafutiwa, akakataa kwa adabu kila mara, mpaka watu wakaacha.

Wiki iliyopita Salimu, mtoto wa kaka yangu, alikuja likizo kutoka chuoni. Tulikuwa studio. Kompyuta yake inakwama, na baba yake yuko tayari kumnunulia nyingine, lakini yeye hataki. Kuna kampuni inabadili aina ya prosesa, akasema, mambo mapya kabisa, kasi ya ajabu. Anazifuatilia habari zake kila siku. Kununua sasa ni ujinga. Atangoja. Alizungumza macho yanang'aa, na mimi sikuthubutu kumtazama Ba'mdogo.

Ba'mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kasi, hakuuliza inatoka lini.

"Na wewe," akamwambia, "kuna mtu anayekungoja?"

Salimu akacheka, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Hakuna, babu."

"Basi ngoja," akasema Ba'mdogo.