Mazishini walisema ni tumbo

Leo nimeinua mkono mazishini, watu wakanicheka.

Tulikuwa Katito kumzika rafiki yangu, Mama Akinyi. Wanawake wote wa chama chetu cha kuweka akiba tulivaa tisheti zenye picha yake.

Aliyesoma wasifu wa marehemu akasema aliugua tumbo kwa muda mfupi.

Tumbo!

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia shuka, najua.

Wanasiasa wakaongea mpaka tukachoka. Kisha nesi mmoja akaomba maiki kidogo tu.

"Akina mama, nani hapa amewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi?"

Nikainua mkono. Peke yangu.

Mama aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyu mumewe anajua huwa anatembea wapi?"

Hema nzima ikacheka. MC akamnyang'anya nesi maiki, eti kuna watoto.

Kwani kupimwa ni umalaya? Hebu niambieni.

Sasa sikieni. Wakati wa chakula, mama huyo huyo akanivuta nyuma ya jikoni. Hacheki tena.

"Hiyo kupimwa inauma?"

"Si sana. Na haichukui muda."

"Mimi niliacha kuona siku zangu kitambo. Sasa damu imerudi."

Nikamwambia Jumatatu twende pamoja. Akakubali. Halafu akaangalia picha ya Mama Akinyi kifuani kwangu, akanishika mkono.

"Lakini wakinipata nayo, siku ya kunizika mseme tu ilikuwa tumbo."