Kiatu cha Kushoto cha Ndege ya Maji

Mume wangu alikuwa fundi wa chukudu pale Butembo, vile vigari vya mbao vinavyosukumwa vikiwa na magunia ya viazi kutoka Lubero. Alipokufa aliacha nyuma ya mlango chukudu isiyo na usukani na ndege ya kivita isiyo na kiatu cha kushoto. Chukudu ilipata mtu wa kuimaliza. Ndege hakuna aliyeitaka.

Picha yake aliikuta katika gazeti la zamani la Kifaransa alilofungiwa misumari. Ilikuwa ndege ya wanamaji, mabawa yake pembetatu, na haikuwa na magurudumu. Ilikaa majini kwa tumbo, na ilipotaka kuruka ilishusha mbao mbili ndefu, ikateleza juu yake. Mbao hizo mume wangu aliziita viatu. Midomo ya injini ilikuwa mgongoni, isinywe maji. Maandishi chini ya picha yalisema waliozitengeneza walijaribu chache, wakaziacha.

Yeye hakukubali.

"Tuseme habakuziacha," alikuwa akisema. "Tuseme moja ilifika ku ziwa yetu, kule Kyavinyonge."

Alipima picha kwa uzi, akaanza kuichonga, na kila kidole cha picha kikawa vidole vinne vya mbao. Jirani alipopita alimpigia saluti kama kwa mkuu wa wanamaji.

"Bonjour, amiral! Bahari yako iko wapi? Mu kisima?"

"Cheka tu. Batu ba vita banakamata kwanza uwanja ya ndege. Hii haina uwanja. Batakamata nini?"

Jirani alishusha mkono wa saluti. Tulikuwa tumeshaona uwanja wa ndege ukibadilisha wamiliki, na sisi tukibadilishwa pamoja nao.

Ubavuni aliacha duara tupu la kuchora alama ya nchi. Nilimwuliza ni nchi gani. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Bendera ya Kinshasa ilikuwa hatari, na ya majeshi ya jirani yaliyovuka mpaka kuwasaidia hatukuitaka.

"Nangoja kwanza," alisema.

Alikwenda Beni kumpelekea mteja wa mtaa wa Bungulu magurudumu. Risasi zilipigwa njiani, zikamwua. Sijui zilikuwa za nani, na waliosema wanajua hawakuwepo. Dereva mmoja Mwislamu wa Beni alimrudisha juu ya magunia yake ya mchele, akakaa nasi mpaka mazishi, lori lake limesimama mlangoni.

Katika ukoo wa mume wangu mjane hagusi vifaa vya kazi vya marehemu mpaka matanga yaondolewe, na siku hiyohiyo ya kuondoa matanga vifaa hugawanywa. Kwa hiyo havifiki kamwe mkononi mwake. Nilikaa mkekani nikiitazama ndege ile, yenye mguu mmoja.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliiona pia.

"Shemeji, hii kitu tuichome. Basoda bakiingia humu bakute ndege ya vita, tutasema nini?"

"Iko ya mbao."

"Na ule mutoto balipiga juu ya bunduki ya mbao? Haikukuwa mbao?"

Alisema kweli. Mtoto yule tulimjua; alipigwa risasi kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Nilimwomba kitu kimoja tu: iwekewe kiatu chake kwanza, niione ikielea. Mume wangu aliniahidi nitaiona ikielea, na sikuweza kuichoma ikiwa nusu.

"Nani atachonga? Weye unakatazwa."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkekani pamoja nami, alinyoosha mkono.

"Mimi niko mama yake, hapana muke yake. Leta kisu."

Nilimwonyesha kiatu cha kulia, yeye akachonga cha kushoto akikitazama.

"Punguza kidogo mbele, mama."

"Weye unajua ndege tangu lini?"

"Tangu alinioa."

Asubuhi ya kuondoa matanga, baada ya wafiwa kunyolewa, lilibaki beseni kubwa la maji safi. Niliishusha ndege taratibu, nikaiachia. Haikuelea hata kidogo. Ilizama pua kwanza, ikagonga chini, ko.

Alikuwa ameichonga kwa mti uleule mgumu wa chukudu. Kwake mbao nyepesi ilikuwa mbao ya kudanganyia mteja. Alipima kila kitu kwa uzi, uzito akausahau.

Watu walisogea, wakachungulia beseni. Kisha mama mkwe akasema, "Mwana yangu! Alitengeneza chukudu ya kuruka!" Akacheka hadi akajishika ubavu, nami nikacheka, na sijui ni saa ngapi kile kicheko kiligeuka kuwa kilio, chake na changu.

Shemeji aliitoa majini, akaipangusa kwa shati lake, akaipima uzito kwa mkono.

"Hii haiwezi kutisha mutu," alisema.

"Basi hatuichomi?"

"Weka. Lakini usichore kitu mu ile duara."

Askari waliingia baadaye, kama shemeji alivyoogopa. Walichukua redio na mbuzi. Mmoja aliinyanyua ndege, akaona ni nzito, akairudisha.

Miaka ilipita, ikatangazwa kwamba vita vimekwisha, na shemeji akaniletea kikopo cha rangi. Alikiweka kando ya duara tupu. Tulitoka mlangoni pamoja, tukasikiliza kama mizinga imenyamaza upande wa Beni. Kikopo kimekaukia kabatini bila kufunguliwa, kando ya ndege.