Kidonge Kilichotolewa Motoni Mapema

Mwaka wa mwisho chuoni nilirudi likizo kijijini kwetu Iyula na kidonge cheusi ndani ya kiberiti. Nilikitengeneza kwa oksaidi ya shaba na unga wa madini mengine, nikakioka kwenye tanuru la maabara. Kikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kilipaswa kupitisha umeme bila upinzani wowote na kufanya sumaku ielee juu yake. Changu hakikuinua chochote. Mwalimu akasema nirudie, na nikishindwa tena sihitimu.

Mama alikitazama, akacheka. "Miaka yote hiyo, binti yangu, ndicho hiki? Mbona mbuzi wetu wanatoa vya namna hii kila asubuhi?"

Nilinuna. Msomi mzima nataniwa na mchoma matofali!

Siku hizo alikuwa amechoma tanuru la matofali ya jiko lake jipya. Moto ulizimika jana yake, na midomo yote ya kutilia kuni ilizibwa kwa udongo. Kwetu tanuru haliguswi mpaka lipoe lenyewe, hata wiki. Mimi nikaona huo ni ushamba. Mama alipokwenda kuchuma kahawa, nikabomoa mdomo mmoja nione yameivaje. Upepo wa baridi wa kwetu Mbozi, wa mwezi wa saba, ukaingia wote. Nikasikia matofali yakipasuka, ta! ta! ta!

"Umeniulia matofali!" Mama aliporudi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Nani kakwambia moto ukizima kazi imeisha? Linapopoa ndiyo linakomaa!"

Niliona aibu, kisha nikakikumbuka kidonge changu. Kule maabara nilikichomoa kidonge kikiwa cha moto, niwahi wali wa Ijumaa bwenini. Oksaidi ile huvuta oksijeni inapopoa polepole. Ikiikosa, visumaku vidogo vya atomi za shaba hubaki vimejipanga kama askari, na umeme haupiti kwa raha.

Niliporudi chuoni nilikipoza kidonge kipya taratibu, usiku na mchana, oksijeni ikipita juu yake. Sumaku ikaelea. Nililia mbele ya mwalimu, wala sioni haya kusema. Nikampigia mama kupitia simu ya jirani yake.

"Mama, imeelea!"

"Hongera, mwanangu. Sasa njoo ufyatue matofali yangu."

Nilifyatua mpaka mgongo ukaniuma. Lakini yale yaliyopasuka mama hakuyatupa. Aliyajenga pembeni mwa mlango wa jiko, usawa wa macho yangu, na mgeni akiniita mtaalamu, mama humpeleka kwanza akayaone.