Kijiko Kimoja cha Mweupe, Kimoja cha Buluu

Mpira wa kukanda, ule tunaoubandika mdomoni kuchukua umbo la meno, niliununua Isebania kwa mtu aliyeuza pia betri na dawa ya kupe. Alisema umetoka Ulaya. Nikamwambia hata mitumba yenye matundu hutoka Ulaya, anionyeshe. Tukachota kijiko kimoja kwenye kopo la mweupe na kimoja kwenye kopo la buluu, nikakanda kwa vidole mbele yake mpaka michirizi ikaisha. Baada ya dakika tano donge lilikuwa gumu kama raba ya kufutia. Nikalitia mfukoni kama risiti. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijerumani; niliifungia karanga.

Wiki hiyohiyo niliitwa Homa Bay. Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia Migori, na wateja walizoea kunifuata, lakini mama huyu hakuweza tena kusafiri mbali. Alikuwa akikaanga mandazi Makongeni hadi alipoanza kukonda. Miaka ile mtu akikonda, hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Wengine walisema ni chira, kwamba amevunja mwiko wa wazee. Wengine walitaja ukimwi, kwa sauti ya chini. Wote waliacha kununua mandazi yake. Meno manne ya mbele, ya juu, aliyapoteza siku alipozirai akaangukia jiko.

"Ni ya Jumapili," aliniambia kabla sijaketi. Binti yake alikuwa shule ya bweni Asumbi, na Jumapili wazazi walikuwa wanatembelea. Mara iliyopita hakwenda. "Kukonda, sawa, nitavaa sweta mbili. Lakini pengo nitalivisha nini?"

Nikahesabu mapengo: manne. Nikahesabu tena: manne.

"Unangoja yaongezeke?"

"Mama, mimi hata vidole vyangu nahesabu mara mbili."

"Basi nifanyie matano. Moja la nyongeza, kama mandazi."

Tukaelewana manne.

Nikavaa glavu za mpira. Sikuwa mkatili, nilikuwa mwoga, ila mgonjwa haioni tofauti. Nikachota, nikakanda, nikajaza kisahani cha chuma chenye umbo la ufizi, nikambandikia mdomoni. Dakika tano kwa saa yangu. Nilipokitoa, mpira ulinata kama ugali mbichi, ukavutika nyuzi. Nikavaa jozi mpya ya glavu, nikarudia. Dakika kumi safari hii, mate yakimtiririka kwenye kitambaa, machozi yakimtoka. Ukatoka vilevile.

Makopo yalikuwa madogo. Nikachungulia: kumebaki kijiko kimoja na kimoja. Nikachungulia tena.

"Yule wa Isebania ameniweza," nikasema. Nikatoa lile donge mfukoni nimwonyeshe nilivyodanganywa. Akalibonyeza kwa ukucha.

"Ni mpira huuhuu?"

"Makopo hayahaya."

"Hili ulilikanda na hizo?" Akaelekeza kidevu kwenye glavu.

Nikazitazama glavu.

"Omera, ndugu yangu, mimi nimekanda unga miaka kumi na mbili. Ukikataa kuumuka, usilaumu unga kwanza, tazama mikono. Mimi pia waliniambia nikande na glavu. Nikakanda. Mandazi yakanuka mpira, na bado hawakununua."

Nilizivua. Nikanawa kwa sabuni hadi viwiko, maana poda ya glavu ilikuwa imenishika. Kijiko cha mweupe, kijiko cha buluu, vya mwisho. Nikakanda, nikamwingizia vidole vitupu mdomoni, nikakishikilia kisahani. Mdomo ulikuwa moto, una vidonda vyeupe. Nilijua kidole changu cha shahada kina mkwaruzo wa waya, na sikuweza kuutazama huku yeye akinitazama. Nikahesabu hadi mia tatu. Mpira ukatoka mgumu, kila jino na kila pengo mahali pake.

Nikasema naenda kumwaga maji. Kwenye mfereji wa nje nikajimiminia spiriti, nikasugua, nikasuuza. Niliporudi alikuwa ameketi palepale, uso dirishani.

"Umenawa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara mbili. Nami pia nahesabu."

Nyumbani Migori nilimimina plasta kwenye ile alama, na kwa siku mbili mdomo wake ukakaa mezani kwangu nikiupimia meno. Jumamosi nilimpelekea. Akajitazama kwenye mfuniko wa sufuria, akasema moja limekaa upande. Ilikuwa kweli. Nikapiga msasa. Jumapili akaenda Asumbi na sweta zake mbili.

Kabla shule hazijafungwa, binti aliitwa nyumbani. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma. Binti alinitafuta, bado yuko na sare ya shule, akanishika mkono.

"Ni wewe ulimfanyia mama meno?"

"Ni mimi."

"Alisema hukuvaa glavu."

Nikangoja aseme na habari ya mfereji. Hakusema. Hakuwa ameambiwa. Akauachia mkono wangu, akaenda kupokea wageni wengine, nami nikabaki na mkono huo nisijue niuweke wapi.